Mbuzi Niliyempaka Mawese

Kwanza wembe. Usimnyoe mbuzi ngozi ikiwa kavu, hata kama dokta amesimama mlangoni anaangalia saa. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, paka povu la sabuni, ngoja nywele zilegee, halafu nyoa kufuata zinakolalia. Mkono wa kushoto uvute ngozi. Mbuzi akitikisa sikio, acha kwanza, bado hajakukubali. Nawaambia hayo mapema ninyi vijana mnaosoma kazi za labo, maana najua wengine mtanichoka kabla sijafika mbali.

Naitwa Mama Mwavita. Nimezaliwa upande wa Wamaza, nimeolewa Kasongo, na kazi iliyonilisha miaka mingi ilikuwa kunyoa mbuzi nyuma ya lopitali, hospitali yetu ya Kasongo. Chekeni tu. Wenzangu sokoni walicheka kabla yenu. "Mwavita," walikuwa wakiniuliza, "unamnyoa mbuzi ubavu mmoja, ubavu wa pili umekukosea nini?" Nami nawajibu kwamba ubavu wa pili ni wa mwaka kesho.

Nilikuwa nanyoa kipande kama kiganja tu, nyuma ya bega, ili taa ya Dokta Yuma ipate kugusa ngozi. Taa yenyewe ilikuwa ndogo, inaenea mkononi kama kipande cha sabuni. Unaiweka juu ya ngozi, inawaka, mwanga unaingia ndani kidogo halafu unarudi. Dokta Yuma alikuwa bado kijana siku hizo, mtoto wa Kabambare, mwembamba, anaongea haraka kama mtu anayewahi pikipiki. Alinieleza hivi: "Mama Mwavita, damu inakula mwanga. Damu ikiwa nyingi, mwanga unaorudi unakuwa kidogo. Damu ikipunguka, mwanga mwingi unarudi. Taa yetu inapima ule unaorudi, inatuambia damu iko ngapi."

"Na ngozi, yenyewe haili?" nikamuuliza.

Akacheka. "Iyo njo kazi yetu, mama."

Tulitaka nini na taa hiyo? Sikilizeni vizuri, maana bila hili hamtaelewa kwa nini nililia kwa ajili ya mbuzi. Malaria inawamaliza watoto wetu damu. Huko Wamaza, ao kule migodini Salamabila, muganga wa kituo kidogo cha afya hana mashini ya kupima damu. Anafunua kope, anaangalia viganja, anakisia. Mtoto wangu wa tatu, Feza, muganga alikisia kwamba hali si mbaya, akatupa dawa turudi nyumbani. Alinifia mgongoni kabla jua halijafika katikati. Nilidhani amelala. Kwa hiyo Dokta Yuma aliponiambia kwamba anatafuta taa itakayomwonyesha muganga wa kijijini ni mtoto gani amekwisha damu, apelekwe mbio, bila sindano, bila labo, nilimwambia hata akitaka nimnyoe chui nitamnyoa.

Tulianza na mbuzi kwa sababu minyoo ya tumboni inamnyonya mbuzi damu jinsi malaria inavyomkausha mtoto. Wengine walikuwa na damu tele, wengine kidogo. Tunaweka taa ubavuni, halafu tunatoboa sikio, tone moja tu, tunalizungusha kwenye mashini ya labo kujua ukweli. Namba ya taa na namba ya mashini zinaandikwa kwenye kaye, bega kwa bega. Hatukuwaua wanyama. Aliyepatikana na minyoo alipewa dawa, na wengine walizaa pale pale kwetu. Kuna mmoja alikula kaye yenyewe, kurasa za siku nne, na Dokta akakaa chini kwenye majani akamtazama anavyotafuna. Tangu siku ile kaye ilitundikwa juu kwenye msumari.

Aliyenifundisha ngozi hakuwa Dokta. Alikuwa Papa Sumaili, mzee aliyewamba ngoma ujana wake wote kabla mikono haijaanza kumtetemeka, na Dokta alimwajiri kwa sababu hapakuwa na mtu Kasongo mzima aliyeijua ngozi ya mbuzi kama yeye. Siku yangu ya kwanza alichukua ngozi kavu, akaitandaza mlangoni palipo na jua, mimi nikiwa ndani gizani.

"Unaona nini?"

"Ngozi, papa."

"Angalia tena. Usinijibu kama mutu anaulizwa na polisi."

Nikaangalia. Mgongoni palikuwa peusi, jua halipiti. Tumboni palikuwa pa manjano, karibu unaona vidole vyake upande wa pili. Palipoumwa na kupe palikuwa na doa. Palipopigwa fimbo zamani palikuwa na mstari. Akaniambia kwamba jua likiingia kwenye ngozi haliendi njia moja. Linazungukazunguka humo ndani, lingine linapotea, lingine linatokea pengine kabisa. Ni yeye aliyemkataza Dokta kuweka taa mgongoni, akamwonyesha pale nyuma ya bega ambapo ngozi ni nyembamba na mbuzi hajikuni sana. Dokta na madiploma yake alinyamaza akasikiliza. Kwa hilo nilimheshimu sana.

Bon. Sasa niingie kwenye aibu yangu.

Mbuzi weupe hawakutusumbua. Weusi ndio walitutesa. Kiangazi kilipokaza, ngozi iliyonyolewa ilipauka, mnajua, kama miguu ya mtoto aliyetoka kucheza vumbini. Dokta anaweka taa, taa inasema mbuzi huyu hana damu. Na mbuzi mwenyewe dakika ile ile amenipiga teke ndoo imeruka. Mashini ya labo inasema damu tele, taa inasema maiti. Kila siku hivyo. Dokta akakonda zaidi, akawa anasema peke yake.

Katika weusi hao alikuwamo mmoja tuliyemwita Kaniki, jike, mtundu, mwizi wa sombe, majani yetu ya muhogo, na nilimpenda kupita wote. Kipande nilichomnyoa kilimwasha. Alijisugua kwenye matofali mpaka akatoka damu, na kila nikimwona nilihisi ni mimi nimemfanya vile. Mlangoni palibandikwa karatasi kubwa: MTU ASIPAKE KITU CHOCHOTE JUU YA NGOZI. Mimi kusoma najua. Sina la kujitetea.

Nilileta mawese kutoka nyumbani, kidogo tu, yaliyobaki chini ya chupa. Jioni kabla ya kurudi nikampaka Kaniki pale palipomwasha, nikakanda kwa kidole gumba kama nilivyowapaka watoto wangu wote baada ya kuoga. Akatulia. Asubuhi nikapangusa juu kwa kitambaa mng'ao usionekane. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mawese hauonekani.

Dokta akaweka taa. Akaangalia. Akaweka tena. Tukatoboa sikio, tukazungusha damu. Namba zikapatana.

"Mama Mwavita!" akapiga kelele mpaka Papa Sumaili akatoka na uji mkononi. "Imekubali! Ngozi nyeusi imekubali!"

Basi ningesema pale pale, si ndiyo? Nilifungua mdomo. Lakini kijana alikuwa anarukaruka kama aliyepata mtoto wa kwanza, na mimi nikajiambia, mafuta yamemsaidia mbuzi, yamemsaidia na Dokta, ubaya uko wapi? Jioni nikawapaka weusi wengine watatu, na kila jioni iliyofuata. Namba zote zikanyooka. Baada ya wiki chache Dokta akasema hakuna haja ya kuwatoboa tena masikio mbuzi weusi, taa inatosha. Akawaandikia wenzake. Akapanga kwamba baada ya miezi michache taa itaingia chumba cha watoto.

Kitu ambacho mimi sikukijua, na yeye hakukikumbuka, ni kwamba weusi wale wanne walikuwa wamekunywa dawa ya minyoo muda si mrefu. Wote walikuwa na damu tele. Taa ilikuwa inasema "damu tele" kwa sababu ya mawese, na kwa bahati ilikuwa kweli.

Mvua zikarudi, majani yakaota, na minyoo nayo. Asubuhi moja Kaniki hakunipiga teke. Wekeni hilo akilini, vijana: mbuzi mtundu akiwa mpole ghafla, usifurahi, mfunue jicho. Nikamfunua kope. Ndani palikuwa peupe kama unga wa muhogo. Chini ya taya pamevimba maji. Nikamwita Dokta, akaweka taa, akanionyesha namba.

"Iko sawa, mama. Damu iko."

"Dokta, angalia jicho."

"Jicho ni la kukisia. Kwa sababu ya kukisia njo tunatafuta taa."

Akaenda bilo, ofisini kwake. Nami nikabaki nimeshika kichwa cha Kaniki. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia zamani, kwa muganga mwingine, mtoto wangu akiwa mgongoni. Nilimpa Kaniki dawa ya minyoo. Nilimpa maji kwa mkono. Kesho yake saa sita alikufa.

Papa Sumaili ndiye aliyemchuna, kwa sababu Dokta alitaka kujua amekufa na nini. Alipofika ubavuni akasimamisha kisu. Akapitisha kidole pale nilipokuwa nanyoa, akakinusa, akaniangalia.

"Mwavita, ngozi hii imekula mawese."

Nikatazama kidole gumba changu.

"Mie nimewamba ngoma miaka mingi. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, hata kama hataki. Dokta alivuta kwake, alitaka taa ikubali. Weye ukavuta kwako. Sasa ngoma imepasuka." Akafuta kisu kwenye majani. "Utasema weye, ao niseme mie?"

"Nitasema."

"Leo."

"Papa, wataniondoa."

"Ee. Na mwezi ukiisha ile taa inaenda kwa watoto."

Kutoka banda la mbuzi mpaka bilo ya Dokta si mbali, ungeweza kurusha jiwe likafika, lakini siku ile niliona ni kama kwenda Kabambare kwa mguu. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Chupa, kidole gumba, kitambaa, mbuzi wanne, jioni zote. Dokta Yuma hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta kaye, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, akipiga mstari mmoja kwa kalamu nyekundu juu ya kazi ya miezi.

"Mama, ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema mwishowe. "Mie nilikuwa nakuamini kuliko taa."

Halafu akaniambia niende nyumbani. Nilikwenda. Nililia njiani mchana kweupe, watu wakadhani nimefiwa, na kwa kweli nilikuwa nimefiwa.

Siku ya tatu nyumbani binti yangu aliniachia mtoto wake nimwogeshe. Nikamwogesha, nikamkausha, nikamimina mawese kiganjani, nikaanza kupaka, mabega, mgongo, mikono. Alikuwa anang'aa na kucheka. Nikafika mkononi, pale pale ambapo Dokta alisema taa itawekwa kwa watoto, na kidole gumba kikasimama.

Ee Mungu wangu. Nani Kasongo, nani Kabambare, Mkristo ao Mwislamu, anampeleka mtoto mbele za watu bila kumpaka mafuta?

Nilimrudishia binti yangu mtoto nusu amepakwa, nikafunga kikwembe vizuri, nikaenda mbio. Umri wangu wakati ule haukuwa wa kukimbia. Dokta alikuwa bandani, anamnyoa mbuzi mwenyewe, na anamnyoa vibaya, kavu.

"Lowesha kwanza!" nikamwambia, kabla hata ya salamu.

Akageuka. "Mama Mwavita, nilikuambia..."

"Dokta, uliniambia niende nyumbani, nimeenda. Sasa nisikilize. Weye mama yako alikupaka nini ulipokuwa mutoto?"

Akanikazia macho kama amesikia mwendawazimu. Halafu nikaona uso wake unabadilika polepole. Akaweka wembe chini.

"Mawese," akasema.

"Watoto wote wa huku ni kama Kaniki, Dokta. Taa itawaambia wote kwamba damu iko."

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanieleza, nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Ngozi kavu ina magamba madogo, meupe, yanarudisha mwanga kabla haujaingia, ndiyo maana taa iliona mbuzi wazima kama hawana damu; kwa weupe tofauti ni ndogo, kwa weusi ni kubwa. Mafuta yanajaza nyufa zile, mwanga unapita. Lakini mawese ni mekundu, na wekundu ule nao unakula mwanga, na taa haiwezi kujua umeliwa na damu ao na mafuta. Huko taa ilikotengenezwa hakuna mtu anayempaka mtoto mawese, kwa hiyo hakuna aliyewaza. Sisi tulioinukia kwenye mawese ndio tulipaswa kuwaza, na hatukuwaza, kwa sababu ni kitu cha kila siku.

Hakuniambia nirudi kazini. Alisema tu, "Shika wembe, mama, huyu mbuzi ananichukia."

Tulianza upya. Mbuzi wenye damu na wasio na damu, weupe na weusi, wakavu, waliopakwa, waliooshwa. Sikio tulitoboa kila mara. Ikaonekana kwamba ngozi ikioshwa kwa sabuni, ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo, na kupimwa kabla haijapauka, taa inasema kweli kwa weupe, na kwa weusi inakaribia kweli ukijua kiasi cha kupunguza, maana ngozi nyeusi nayo inakula mwanga. Muda ule kati ya maji na kupauka ndio ufundi wenyewe. Siku hizi mna taa nyingine, zinajihesabia zenyewe, sitaki kubishana nazo. Lakini hata hiyo mpya, muulize kwanza mama amempaka mtoto nini.

Na kuuliza huko kuna namna yake. Siku ya kwanza chumba cha watoto, Dokta alinichukua nishike sabuni. Akaja mama mmoja kijana kutoka Wamaza, Zaina, ametoka alfajiri kwa pikipiki, na mtoto wake wa kiume, Assani, hajafikisha mwaka. Mtoto alikuwa anang'aa, kofia mpya, shati jipya, na ametulia sana mgongoni. Utulivu ule mimi niliujua. Mashini ya labo ilikuwa inangoja jua liijaze nguvu, majibu ya damu yangetoka mchana. Muganga mmoja akaharakisha, akaweka taa kabla sijafika na beseni. Namba ilikuwa nzuri. Akamwambia Zaina akae barazani na wengine, angoje.

"Mumuoshe kwanza," nikasema.

Zaina akageuka na moto machoni. "Unasema mutoto wangu iko muchafu? Nimemuosha alfajiri! Nimemupaka mafuta, nimemuvika nguo mupya, ili watu wa mujini wasiseme tumetoka porini! Hakuna atamugusa na sabuni yenu."

Muganga akainua mabega. Ningeweza kumwambia habari ya mwanga na magamba, asingesikia hata neno. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikakunja mkono wa nguo yangu. Nilikuwa na kichupa cha mawese mfukoni, siku hizo sikukosa. Nikajipaka, nikachukua taa, nikamwonyesha namba yangu. Nikaosha mkono mbele yake, nikapangusa, nikaweka taa tena. Namba ikashuka.

"Unaona? Mie siko muchafu. Taa yetu njo haioni ndani ya mafuta," nikamwambia. "Umemupaka muzuri sana, mwanangu. Hata mie nilikuwa nawapaka hivyo. Nilikuwa na mumoja, Feza, nilimubeba mgongoni hivi, ametulia hivi, nikaambiwa hali si mubaya."

Aliniangalia. Hakuuliza Feza yuko wapi. Akafungua kikwembe mwenyewe, akanipa mtoto.

Nikamwosha mkono tu, polepole. Dokta Yuma akaweka taa, akaweka tena, na safari hii hakuruka. Alimfunua mtoto kope, akaita watu, akauliza nani wa familia anaweza kutoa damu sasa hivi. Mjomba aliyewaleta kwa pikipiki akakunja mkono wa shati hata hajaulizwa mara ya pili. Mchana mashini ya labo ilipoamka ikasema jambo lile lile, lakini damu ya mjomba, iliyopimwa kundi kwa mkono, ilikuwa imeshaanza kuingia kwa Assani tone kwa tone, na Zaina amekaa chini amemshika mguu.

Jioni mtoto alilia akitaka ziwa. Nimesikia watoto wengi wakilia, sijasikia kilio kitamu kama kile.

Siku ya kutoka, Zaina alimvika kofia na shati, halafu akasimama anamtazama. Sabuni yetu ilikuwa imempausha mtoto, mikono imekuwa myeupe kama kuni zilizokauka. Akatoa kichupa chake kwenye kikapu, akaniangalia, akaogopa kukifungua.

"Mama, naruhusiwa?"

Nikakichukua. Nikamimina mawese kiganjani, nikayapasha joto kati ya mikono miwili, nikampaka Assani mwenyewe, kichwa, mabega, mgongo, mpaka vidole vya miguu, na pale mkononi taa ilipogusa nikapaka mara mbili.